Namna ninavyopita miezi ya joto Dar es Salaam nikiwa na baridi yabisi

Watu wengi wanaamini kwamba mwenye maumivu ya viungo hana cha kuogopa katika joto la Dar es Salaam, kwa kuwa kinachomtesa ni baridi. Nimeambiwa hivyo na majirani, na walimu wenzangu, na mashemeji zangu walioko Njombe, ambao kila mwaka hunipigia simu kunipongeza kwa kuishi mahali ambapo, kwa maoni yao, hali ya hewa yenyewe ni dawa. Maneno hayo yananiudhi, kwa sababu yamenipotezea muda mwingi na kunipa maumivu ambayo yangeweza kuepukika. Ugonjwa wangu ni wa aina ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuyashambulia maungio yenyewe. Vidole, vifundo vya mikono na magoti huvimba pande zote mbili, na uvimbe huo haujali kama ni Julai au Februari. Kinachobadilika ni namna ninavyoumudu, na kwangu mimi Februari ni mwezi mgumu kuliko Julai.

Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Dar es Salaam hufika nyuzi 32 na kuzidi, na usiku mara nyingi haupoi sana. Joto la Dodoma ni kavu, na jasho hukauka upesi likaupoza mwili. Hewa yetu imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo jasho hubaki juu ya ngozi bila kufanya kazi yake. Mishipa ya damu hutanuka, miguu na vidole hujaa, na aliyekuwa amevimba tayari huongezewa uvimbe mwingine juu ya ule wa kwanza. Pete yangu ya ndoa naivua mwishoni mwa Novemba kabla haijakwama, na huirudisha kidoleni baada ya masika.

Ushauri ulionitesa kuliko wote ni wa kujifukiza. Aliyenipa ni mama mtu mzima wa mtaani kwetu Tabata, ninayemheshimu sana, na alinipa kwa mapenzi. Alinikuta barazani mchana wa Februari, umeme umekatika, magoti yangu yamevimba, akasema, "Mwanangu, hiyo baridi imeingia kwenye mifupa. Itoe kwa mvuke." Nikamwuliza, "Shikamoo mama, kwa joto lote hili?" Akaitikia, kisha akanijibu kwamba joto la nje huishia kwenye ngozi, na kwamba mfupa unahitaji moto wake. Alichuma mwarobaini na michaichai mwenyewe, akachemsha sufuria kubwa, akaniketisha kwenye kigoda na kunifunika blanketi zito. Nitasema ukweli kwamba mwanzoni nilipata nafuu: vidole vilifunguka, nikaweza kukunja ngumi bila maumivu, na mama wa watu akafurahi kunisikia nikimshukuru. Kisha moyo ukaanza kwenda mbio, macho yakaingia giza, na nilipotaka kulitoa blanketi, mikono yangu haikuwa na nguvu ya kuliinua, kwa kuwa lilikuwa limelowa jasho na mvuke. Binti yangu ndiye aliyelivuta. Jioni ile goti la kulia lilikuwa limevimba hata mfupa wake wa mbele hauonekani, na usiku nilikwenda msalani kwa kushika ukuta.

Daktari alinieleza baadaye jambo ambalo nilitamani kila mtu mtaani alisikie. Uvuguvugu husaidia kiungo kilichokakamaa, bali kiungo kinachowaka, chekundu na cha moto kwa kukigusa, kinahitaji ubaridi. Tena kuufunga mwili mzima ndani ya mvuke siku ya joto ni kuupotezea maji ambayo tayari ni haba. Kutokana na shughuli yote ile nilibakiza kitu kimoja, nacho ni maji ya vuguvugu kwenye beseni, kwa ajili ya mikono tu, na alfajiri tu.

Shauri jingine ninalolisikia kila mwaka ni kwamba kazi zimalizwe asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Kwa mwenye viungo vizima ni shauri zuri sana. Kwangu lilikuwa halitekelezeki, kwa sababu saa za ubaridi ndizo saa ambazo mwili wangu hautii. Mwenye baridi yabisi huamka akiwa amekakamaa, na inaweza kumchukua saa nzima au zaidi kulegea. Nilipokuwa nikiamka saa 12, vidole vilikubali kushika chaki karibu saa 2 na nusu, bati za madarasa zikiwa zimeshaanza kupata moto, na hivyo kila siku niliikosa asubuhi yenyewe.

Ufumbuzi niliupata katika Ramadhani ya mwaka 2024, iliyoangukia Machi, joto likiwa bado halijavunjika. Sikufunga, kwa kuwa daktari alinikataza kushinda bila maji huku nikimeza dawa, lakini niliendelea kuamka saa 10 alfajiri kuwaandalia daku watu wa nyumbani. Nilikula nao, nikameza dawa ya uvimbe juu ya chakula, nikaosha vyombo kwa maji ya vuguvugu, kisha nikarudi kujinyoosha. Haukupita muda nikaona jambo ambalo sikulitarajia: saa 12 na nusu nilikuwa nimekwisha kufunga vifungo vya blauzi yangu mwenyewe, hadi kile kidogo cha shingoni, bila kumwita binti yangu. Ile saa mbaya ya kukakamaa ilikuwa imepita gizani, nikiwa kitandani nusu usingizini. Idi ilipokwisha nikarudi kuamka saa 12, na vifungo vikanishinda tena. Ndipo nilipoelewa.

Tangu hapo, katika miezi yote ya joto, saa ya daku ni saa yangu hata kama si Ramadhani. Uji huwa tayari kwenye chupa ya chai tangu jioni, na dawa huwa kwenye kisahani kando yake, kwa maana kupambana na kifuniko cha kopo saa 10 alfajiri ni adhabu. Nakunywa uji, nameza dawa, natia mikono kwenye beseni na kufungua na kufumba vidole polepole, kisha nalala tena. Daktari aliniambia kwamba kemikali zinazoleta uvimbe hupanda mwilini kuelekea mwisho wa usiku, na kidonge huhitaji muda kabla hakijafanya kazi, kwa hiyo anayekimeza wakati wa kuamka huwa amechelewa. Aina na kipimo cha dawa ni yeye aliyepanga, na kila mtu aulize wa kwake. Gharama ya mpango huu ni usingizi tu, nami naulipia kwa kulala saa 3 usiku. Mwalimu mkuu wangu, ambaye namshukuru kwa dhati, alikubali vipindi vyangu vya Hisabati vihamishiwe mwanzo wa siku, na mchana chini ya bati nasahihisha madaftari nikiwa nimekaa.

Usiku ulikuwa na tatizo lake. Godoro la sponji hushika joto, na mgongo huamka umelowa. Niliambiwa nitandike mkeka sakafuni, na ni kweli kwamba saruji hupoza, lakini aliyenishauri hakufikiria namna mtu wa magoti mabovu anavyoinuka kutoka chini. Ilihitaji watu wawili kunisimamisha.

Nikakumbuka kitanda cha kamba. Bibi yangu Bagamoyo alikuwa nacho, na hewa ilikuwa ikipita chini yake usiku kucha. Nilikwenda Keko, ambako mafundi wa samani wamejaa, na fundi wa kwanza alinionyesha vitanda vyenye vichwa vilivyowambwa sponji kama sofa, akiniapia kwamba vya kamba haviagizwi tena. Fundi wa pili alinisikiliza. Nilikwenda na uzi niliokuwa nimeupima nyumbani kutoka sakafuni hadi juu kidogo ya goti langu, nikamwambia fremu ifike hapo, ili ninapokaa ukingoni mapaja yashuke kidogo na ninaposimama nisilazimike kujisukuma kwa mikono. Alipima mara mbili, akaniketisha juu ya benchi yake akiwa ameweka vipande vya mbao chini ya miguu ya benchi, akaongeza na kupunguza hadi nikasimama bila kushika chochote. Kazi ya kuwamba niliipeleka kwa mzee mmoja wa Mbagala, naye alizilowesha kamba za ukindu kwanza zisikatike wakati wa kuzivuta, akazipitisha kwa msalaba, moja juu, moja chini, na kila baada ya mistari michache alizigonga kwa kipande cha mti zikaribiane. Aliniagiza nisiziache zilegee, kwa sababu kitanda kinachobonyea katikati huumiza nyonga. Anakuja mwenyewe kuzikaza nikimwita. Fremu, kamba, ufundi na nauli ya kirikuu kwa pamoja havikufika laki tatu, na sijawahi kutumia fedha kwa faida kubwa zaidi.

Juu ya kamba natandika mkeka, kisha shuka nene la pamba lililokunjwa mara mbili, kwa kuwa mabega na nyonga za mgonjwa zinahitaji ulaini kidogo. Hila yangu kubwa ni feni. Badala ya kuielekeza usoni, naishusha hadi chini kabisa na kuipuliza chini ya kitanda, upepo ukapanda kupitia kamba hadi mgongoni. Umeme ukikatika bado nina nafuu kuliko juu ya godoro, hasa kitanda kikiwa kando ya dirisha la upande wa kaskazi. Inapofika Aprili na kusi kuanza, tunakihamishia dirisha la pili.

Jambo ambalo sijawahi kusikia likisemwa waziwazi ni choo. Wenye magoti mabovu hunywa maji machache kwa makusudi, ili wasiende msalani mara kwa mara, kwa maana kuchuchumaa ni mateso. Nimewaona wenzangu kwenye foleni ya kliniki wakiikataa chupa ya maji kwa sababu hiyo hiyo. Katika joto la Februari hilo ni hatari, na hatari inaongezeka kwa anayemeza dawa za maumivu na uvimbe kama diklofenaki au ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo zikikutana na mwili uliokaukiwa maji huweza kuziumiza figo. Kiti cha plastiki chenye miguu imara, kilichotobolewa katikati na kulainishwa kingo kwa msasa, kikawekwa juu ya choo cha kuchuchumaa, kilinirudishia uhuru wa kunywa. Maji nayachota kwenye ndoo ya bomba iliyo juu ya meza, kwa kuwa siwezi kuinua jagi wala kufungua vifuniko vya chupa. Nakunywa madafu ninapoyapata, lakini maji ya kawaida ndiyo kazi yenyewe.

Goti linapowaka natumia choroko. Chupa ya maji yaliyoganda haikai juu ya goti, huteleza, na barafu tupu huunguza ngozi. Binti yangu alishona mfuko wa kitambaa cha kanga, tukaujaza choroko kavu robo tatu, tukauweka kwenye friza. Ukitoka hapo hulala juu ya goti na kulikumbatia pande zote, nami nauacha kwa muda wa dakika 15 tu. Jirani zangu sasa wanayo mifuko yao, na yule mama wa mwarobaini ameuomba wa kwake.

Methotreksati, dawa ya baridi yabisi ninayomeza mara moja kwa wiki, huifanya ngozi iungue upesi juani. Mwavuli unanichosha kifundo cha mkono, kwa hiyo navaa kofia pana ya ukindu na dera la pamba la mikono mirefu, ambalo halina kifungo hata kimoja. Kopo la dawa hiyo limeandikwa lisiwekwe penye zaidi ya nyuzi 30, na chumba changu cha chini ya bati huvuka hapo kila mchana, ndiyo maana dawa zangu hukaa ndani ya kabati la chini kabisa katika chumba cha kati, mbali na jiko na bafu.

Kuna hali moja ambayo sihangaiki nayo nyumbani. Goti moja likiwaka ghafla peke yake, likaambatana na homa, huenda ni maambukizi ndani ya kiungo, na dawa yangu ya kila wiki inashusha kinga ya mwili. Hapo sisubiri tarehe ya kliniki wala kupungua kwa jua. Napanda bajaji kwenda hospitali saa hiyo hiyo.