Siku tatu Junagadh, moja nzima mbele ya jabali

Tikiti ya kuliona jabali la Ashoka mjini Junagadh, jimbo la Gujarat, ina bei mbili. Mgeni hulipa zaidi ya mara kumi ya mwenyeji. Nililipa nikinung'unika, kwa sababu unachoonyeshwa ni chumba kimoja kando ya barabara iendayo mlima Girnar, na ndani ya chumba kuna jiwe. Nilidhani dakika kumi zingetosha. Nilitoka wanafunga.

Jiwe lenyewe ni la itale, na kulizunguka ni zaidi ya mita 20. Wafalme watatu wameliandika, wakipishana karne na karne. Wa kwanza ni Ashoka, mnamo 250 KK: amri 14 kwa hati ya Brahmi, herufi ndogo za vijiti na mizingo, mistari imelala sawasawa kana kwamba fundi alikuwa na rula. Katika amri ya kwanza anakiri kwamba zamani jikoni kwake wanyama wasio na idadi walichinjwa kila siku kwa ajili ya mchuzi, na kwamba sasa wamebaki watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku. Katika ya 13 anawataja wafalme wa Kiyunani wa zama zake, akiwamo Ptolemaio wa Misri. Mtu aliyechonga jiwe huku Gujarat alijua nani anatawala kwenye mto Naili.

Lakini kilichonishika ni maandishi ya wale wawili wa baadaye, maana wanazungumzia jambo ambalo sikutegemea kulikuta kwenye jiwe la kifalme: bwawa lililopasuka.

Mfalme wa pili, Rudradaman, aliandika mwaka 150 BK. Anaanza na historia ya mradi, kama mhandisi anayejua kwamba lawama zinakuja. Ziwa liliitwa Sudarshana, yaani linalopendeza kutazamwa. Tuta lake lilijengwa na Pushyagupta, liwali wa Chandragupta Maurya, babu yake Ashoka, kwa kuzuia vijito vinavyoshuka Girnar. Zama za Ashoka, liwali mwingine, Tushaspha, akaongeza mifereji. Kisha ikaja dhoruba. Tahadhari zote zilikuwa zimechukuliwa, mwandishi anasisitiza, lakini mvua ilishuka, vijito vikafurika, upepo ukang'oa miti, na tuta likatoboka. Vipimo vya pengo vimeandikwa: urefu dhiraa 420, upana 420, kina 75. Kwa dhiraa ya sentimita 46 hivi, hiyo ni karibu mita 190 kwa 190, na kina cha mita 34. Maji yote yakaondoka, na mwandishi, ambaye hakuweza kujizuia kucheza na maneno hata kwenye msiba, anasema Sudarshana likawa durdarshana, lisilotazamika.

Ukisimama pale ukautazama mlima utaelewa kwa nini. Girnar inapanda hadi mita 1,100 hivi, ghafla, kutoka kwenye tambarare. Mvua ya mwaka mzima huku Saurashtra, rasi ya Gujarat ulipo mji huu, hushuka karibu yote kati ya Juni na Septemba, na kwenye mwamba mtupu haizami, inateremka. Mara nyingi tuta la udongo halivunjwi na uzito wa maji yaliyotulia. Likivukwa kwa juu, maji yanayoangukia upande wa pili huanza kulichimba chini, udongo unamomonyoka kurudi nyuma, na mfereji wa upana wa mkono huwa lango kabla ya alfajiri. Dawa yake ni njia ya kupunguzia maji iliyo kubwa kuliko mvua mbaya kabisa unayoikumbuka. Tatizo ni kwamba mvua mbaya kabisa kwa kawaida hakuna aliye hai anayeikumbuka.

Washauri wa mfalme walikata tamaa, pengo ni kubwa mno. Aliyeifanya kazi ni liwali Suvishakha, mtu wa Kipahlava, asili ya Uajemi, na tuta jipya likawa imara mara tatu kuliko la kwanza. Hapo Rudradaman anatamba kwa jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu mbele ya mlinzi: fedha zilitoka hazina yake mwenyewe, wananchi hawakutozwa kodi ya ziada, hawakufanyishwa kazi ya shuruti, wala hawakuombwa michango ya hiari. Anayejua michango ya hiari ya kwetu inavyokusanywa ataelewa kwa nini ilistahili kuchongwa kwenye itale.

Miaka 300 baadaye, mnamo 455, usiku, likapasuka tena. Mfalme sasa ni Skandagupta, na aliyelitengeneza ni Chakrapalita, mwana wa liwali wake. Naye akaandika, kwenye jiwe lilelile. Leo ziwa halipo. Zimebaki taarifa za matengenezo.

Baada ya hapo niliipanda Uparkot kwa jicho jingine. Junagadh maana yake ngome kongwe; Uparkot ni ngome ya juu, ile iliyo ndani ya mji, juu ya kilima cha mwamba. Asili yake huhesabiwa tangu zama za Wamaurya. Watawala wa Kichudasama waliifanya makao yao, Sultani Mahmud Begada akaitwaa mwaka 1472 na kuubatiza mji Mustafabad, kisha wakaja Wamughal, na tangu karne ya 18 manawabu wa ukoo wa Babi. Ilifungwa miaka kadhaa kwa ukarabati ikafunguliwa tena 2023, na sasa imekuwa safi kupita kiasi, majani yamekatwa, taa zimepangwa, kiingilio kimepanda. Chukua maji yako mwenyewe, kivuli ni kichache.

Wageni hukimbilia kuta. Mimi nasema nenda visimani kwanza, maana kuta za mita 20 hazimsaidii mtu mwenye kiu. Kuna viwili, na Wagujarati wana msemo kwamba asiyeona Adi Kadi Vav na kisima cha Navghan amekufa angali hai. Adi Kadi Vav hakikujengwa. Kimekatwa. Hakuna nguzo, hakuna tofali, hakuna nakshi: ni mpasuko mwembamba ndani ya mwamba, na ngazi zaidi ya 100 zinashuka moja kwa moja hadi kwenye maji. Kuta za pembeni zinaonyesha tabaka za mwamba zikipinda kama keki iliyokatwa kwa kisu butu. Mwamba laini namna hii humrahisishia mchimbaji lakini hudondosha punje, kwa hiyo ngazi huwa na mchanga juu yake. Shuka ukigusa ukuta. Kwa nini ngazi badala ya kamba na ndoo? Kwa sababu maji hayakai kimo kimoja. Baada ya msimu wa mvua yako juu, kufikia Mei yameshuka, na ngazi humruhusu mtekaji kuyafuata yanakokwenda, tena watu wengi kwa pamoja, na mafundi hushuka hadi chini kuzoa tope. Hadithi ya mji ni kwamba maji yaligoma kutoka hadi wasichana wawili, Adi na Kadi, walipotolewa kafara. Wengine husema walikuwa tu vijakazi waliochota maji humo kila siku. Hadithi ya vijakazi naipenda zaidi.

Navghan ni kingine kabisa: shimo la mraba lenye kina cha mita 52, na ngazi zimechongwa ndani ya mwamba zikilizunguka. Kati yako na shimo kuna ukuta mwembamba wenye matundu yanayoingiza mwanga na ubaridi. Shuka saa sita mchana, jua likiwa wima. Saa kumi utakuwa unapapasa kinyesi cha njiwa.

Mzinga wa Nilam, ulio humohumo ngomeni, hauna haja ya maneno mengi, isipokuwa hili: ni wa shaba, urefu wake kama mita 5, ulisubiwa Misri mwaka 1531 kwa amri ya Sultani Suleiman, ukaletwa na merikebu za Waturuki kuwapiga Wareno pale kisiwani Diu mwaka 1538. Mashambulizi yalishindwa, merikebu zikarudi, mzinga ukabaki. Wareno haohao ndio waliokuja kujenga Ngome Yesu kule Mombasa.

Mara ya mwisho Junagadh ilipoanguka, hakuna risasi iliyogusa Uparkot. Agosti 1947 Nawabu Mahabat Khan wa Tatu alitangaza kujiunga na Pakistan, ilhali wananchi wake walio wengi walikuwa Wahindu na nchi yake imezungukwa na India, isipokuwa upande wa bahari, bandari ya Veraval. Ikawa Sudarshana kinyume: safari hii ni kuzibwa. Makaa ya mawe na mafuta yakakatwa, na mapato ya dola nayo yakanywea. Samaldas Gandhi, wa ukoo wa Mahatma, akaunda serikali ya muda Bombay mnamo tarehe 25 Septemba. Oktoba Nawabu akaruka kwa ndege kwenda Karachi, na mji mpaka leo unasimulia zaidi habari za mbwa wake kuliko za dola yake. Diwani wake, Shah Nawaz Bhutto, baba yake Zulfikar Ali Bhutto, kiongozi wa baadaye wa Pakistan, ndiye aliyebaki kuiandikia India ije kushika utawala. (Kwetu diwani hushughulika na mitaro ya kata, kule alikuwa waziri mkuu.) Jeshi la India liliingia tarehe 9 Novemba. Kura ya maoni ya tarehe 20 Februari 1948 ilipigwa na watu 190,870. Walioitaka Pakistan walikuwa 91.

Girnar nitaupitia haraka kwa sababu magoti yangu yangali na kesi nao. Ngazi ni karibu 10,000, watu huanza kupanda kabla ya alfajiri. Asiyeweza hubebwa kwa doli, kiti kilichoning'inizwa kwenye mti mabegani mwa wapagazi, na bei hufuata kilo: unapimwa kwenye mizani chini ya mlima kama gunia la mpunga, watu wakitazama. Tangu Oktoba 2020 kuna vigari vya waya, kilomita 2.3, dakika chache tu, nauli ya kuuma. Jua mambo mawili kabla hujalipa. Vinaishia hekalu la Amba, nusu ya njia. Ukitaka kilele cha Dattatreya bado ngazi zingine 5,000 hivi zinakusubiri, na mahekalu ya Wajaini yako chini yako, utayashukia. La pili, upepo ukizidi vinasimamishwa. Siku yangu vilisimamishwa nikiwa juu, na nikashuka kwa miguu na tikiti ya kurudia mfukoni.

Chini, muuza chai alinisemesha Kigujarati bila wasiwasi wowote. Sikuelewa hadi dereva wa bajaji aliponifafanulia: alidhani mimi ni Msidi wa Jambur. Wasidi ni watu wa asili ya Afrika walio Gujarat kwa karne nyingi, na kijiji cha Jambur kiko ukingoni mwa msitu wa Gir, ule ambao manawabu waliulinda hadi simba wa Asia hawakutoweka. Chai ilimiminwa kwenye kisahani, ndivyo inywewavyo Kathiawar, jina jingine la Saurashtra, na mezani palikuwa na mkate wa uwele na kipande cha sukari guru. Wao huiita gor. Tangu hapo nilianza kuhesabu: laki, gari, bepari, achari. Nimeyatumia maisha yangu yote bila kujua yalipanda jahazi wapi.

Jambur nilikwenda siku ya mwisho. Mzee mmoja alinionyesha ngoma ndefu yenye miguu, akasema mchezo wao huitwa goma. Nikamwambia kwetu ni ngoma. Akatikisa kichwa kwa upole, akanirekebisha: goma. Halafu akauliza, kupitia dereva, kama kwetu ngozi inayowambwa ni ya mbuzi au ya ng'ombe.