Siku moja maishani mwangu: saisi katikati ya mlipuko wa herpes ya farasi

Ilikuwa Machi 2021, kaskazini mwa Ujerumani. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Usaisi nilijifunzia Nairobi, kwenye mabanda ya upande wa uwanja wa mbio wa Ngong, kisha nikaja kufanya kazi huku kwenye banda la farasi wa kuruka vizuizi.

Mwezi uliotangulia, mashindano ya Valencia, Hispania, yalikuwa yameingiliwa na virusi vya herpes ya farasi, vile vinavyoitwa EHV-1. Farasi kadhaa walishaondoka Valencia kabla habari haijatoka, wakaenda navyo nchi nyingine. Wawili wa kwetu walikuwa kwenye msafara huo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilisimamisha mashindano katika bara la Ulaya hadi tarehe 11 Aprili, na mwishowe vifo 18 vya farasi vilihusishwa na mlipuko ule.

Saa 11 alfajiri. Baridi kali, maji yameganda kwenye ndoo za nje. Sikupita banda kuu. Tulikuwa tumegawana kazi: mimi kwa wagonjwa na waliokaa karibu nao, mwenzangu Mpolandi kwa wazima, na hatukuazimana hata uma wa kuzolea samadi. Mlangoni nilivaa ovaroli isiyotoka pale, gambuti, glavu na barakoa. Barakoa ilikuwa ya korona. Virusi hivi vya farasi havimpati binadamu, lakini mikono yetu, nguo zetu, ndoo, lijamu na kamba ndivyo vinavyovihamisha kutoka farasi mmoja hadi mwingine.

Kabla ya chakula, joto. Kila farasi ana kipimajoto chake kilichofungwa mlangoni pake, na anapimwa asubuhi na jioni. Farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Akizidi hapo tunamhesabu mgonjwa, hata kama anakula vizuri na masikio yamesimama. Kama kuna neno moja ningependa kila saisi alishike, ni hili: homa hutangulia. Makamasi, kikohozi na miguu kulegea huja nyuma yake, na mara nyingine hakuna dalili nyingine kabisa. Homa ya kwanza ikishuka inaweza kurudi baada ya siku chache, na mara nyingi miguu huanza kulegea kipindi hicho. Anayesubiri kuona makamasi amechelewa, maana farasi huyo ameshawapulizia jirani zake.

Wa kwanza 37.9. Wa pili 38.1. Jike wa kijivu ninayemwita Malaika, 39.2. Jana jioni alikuwa 38.0. Nilipima tena, namba haikubadilika. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga picha ukurasa ule, nikamtumia bosi bila kungoja kuche.

Saa 1 asubuhi. Daktari wa mifugo alifika. Alimwingiza Malaika kijiti kirefu cha pamba puani, akachukua na damu, vyote vya kipimo cha PCR. Hatukungoja majibu. Tulimpitisha njia ya nyuma hadi ghala la matrekta tulilogeuza wodi, na farasi wa kushoto na kulia kwake wakaingia kwenye orodha ya wanaoshukiwa.

Saa 2. Hapa ndipo siku yangu yote ilipokuwa, kwa Chuma. Dume mwekundu, mmoja wa wale waliotoka Valencia. Mbele yuko imara, nyuma anayumba kama mlevi. Mkia hauna nguvu, ukiuinua haukupingi. Virusi vinapofika kwenye uti wa mgongo huharibu mishipa midogo ya damu, damu inaganda ndani yake, na neva zinakosa hewa. Kwa hiyo daktari alimpa dawa ya kutuliza uvimbe na nyingine ya kuzuia damu kugandana. Kibofu chake kilikuwa kimepooza: mkojo ulidondoka tone kwa tone huku ndani kimejaa. Daktari aliingiza mpira mwembamba wa kutolea mkojo, ukatoka mkojo wa kujaza zaidi ya ndoo moja. Mimi nilimshika kichwa, nikimsemesha Kiswahili, lugha ambayo nimemsemesha tangu siku ya kwanza.

Kisha nikaongeza maranda mpaka yakafika juu ya kwato, na kutandaza mengine kando ya kuta. Farasi wa aina hii akianguka asiweze kuinuka, hali hubadilika haraka sana. Mikanda ya kumning'inizia ilikuwa tayari darini. Nilimsafisha mapaja kwa maji ya uvuguvugu, nikampaka mafuta, kwa sababu mkojo huchubua ngozi.

Saa 5. Kuosha chumba alichotoka Malaika. Watu hukimbilia kumwaga dawa juu ya samadi, na dawa nyingi hushindwa nguvu na uchafu. Toa maranda yote kwanza, sugua kwa sabuni, suuza, acha pakauke, ndipo upige dawa. Kirusi chenyewe si kigumu kuua. Kinachokisaidia ni uvivu wetu.

Saa 7 mchana. Chakula, na simu ya binamu yangu, saisi mwenzangu aliyeko Doha. Huko nako farasi waliotoka Valencia walikuwa wamekutwa navyo. Akaniuliza, "Kaka, hivi vitu kwetu viko?" Viko. Farasi wengi duniani huvipata wakiwa wadogo, vikajificha mwilini, na safari ndefu au uchovu huviamsha. Hata pundamilia wana virusi vya ukoo huohuo. Mwaka 2010 dubu wa barafu alikufa katika bustani ya wanyama ya Wuppertal, hapa hapa Ujerumani, kwa virusi vya herpes vyenye asili ya pundamilia.

Saa 9. Mwenye farasi mmoja alikuja getini na trela. Wake mzima, alisema, tena amechanjwa, anataka kumpeleka kwa rafiki yake. Bosi alikataa, na nilimheshimu sana kwa hilo. Farasi anaweza kukaa siku 2 hadi 10, wakati mwingine hadi 14, bila kuonyesha kitu. Chanjo hupunguza virusi anavyotoa, na husaidia kuzuia mimba kuharibika, lakini hakuna chanjo iliyothibitishwa kuzuia ule ugonjwa wa uti wa mgongo. Hivyo ndivyo Valencia ilivyofika kwetu: trela moja, farasi anayeonekana mzima. Mzee yule aliondoka amekasirika. (Januari 2023 shirikisho la michezo ya farasi la Ujerumani liliifanya chanjo hiyo kuwa sharti kwa farasi wa mashindano. Sharti lilikuja likiwa limechelewa, lakini lilikuja.)

Saa 11 jioni. Joto tena. Malaika 39.5, hataki nafaka, anachagua nyasi tu. Majirani zake wawili chini ya 38.5. Chuma alikunywa nusu ndoo bila kulazimishwa, akakojoa mwenyewe, kidogo, lakini kwa mkondo. Nilimpigia daktari papo hapo. Akaniambia bado tutampitishia mpira usiku, kibofu kisije kikajaa tena.

Saa 2 usiku. Majibu ya Malaika: anavyo. Daktari alikuwa ametuwekea siku 28 bila homa kabla ya kufungua geti, kwa hiyo hesabu ikarudi sifuri kwa banda zima. Bosi aliandika tarehe mpya ubaoni kwa chaki. Tukapanga zamu: mwenzangu aendelee na wazima, mimi nibaki ghalani, na kijana wa shamba ashike wale majirani wawili peke yao, akiwa na ovaroli yake na ndoo zake. Chuma angepitishiwa mpira saa 5 usiku na tena saa 11 alfajiri, nami ndiye wa kumshika.