Kisahani cha mfuniko wa ndoo: wiki ya sita ziwani

Kwanza niungame: kisahani changu cha kwanza cha kupimia uangavu wa maji ya Ziwa Victoria kilikataa kuzama. Nilikata mfuniko wa ndoo ya rangi, nikaugawa robo nne, mbili nyeupe mbili nyeusi, nikatoboa katikati na kufunga kamba ya manila. Nikasahau kuwa plastiki huelea. Vijana wa mwaloni walicheka mpaka wakaacha nyavu. Sasa chini yake nimefunga jiwe, na kamba ina fundo kila sentimita 10.

Kipimo chenyewe ni cha tangu 1865, cha padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi. Unateremsha mpaka kisahani kipotee machoni, unasoma kamba. Unakivuta mpaka kionekane tena, unasoma. Wastani wa hizo mbili ndio uangavu wa maji. Napima mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli.

Ninayemtafuta hasa ni furu, samaki mdogo wa ziwa hili. Kwenye majabali ya huku Mwanza kuna aina mbili karibu ndugu: dume mmoja ana mgongo mwekundu, mwingine ni wa bluu. Mwekundu anaitwa Pundamilia nyererei, na ndiyo, ni Mwalimu. Jina alipewa 1985. Majike wao wamepauka na wanafanana. Jike humjua mume wake kwa rangi, basi maji yakiwa machafu anakosea, na aina mbili zinaanza kuwa moja. Sangara tunamlaumu sana, na kweli aliwamaliza furu wengi miaka ya 1980, lakini tope, mbolea na maji taka havina meno na vinafanya kazi ileile kimyakimya.

Jumamosi, baada ya mvua ya usiku, karibu na mto Mirongo unapoingia ziwani: sentimita 40. Wiki iliyopita palepale: 70.

Watoto wanaovua furu wa chambo cha sangara nimeshawazoea. Zamani nilikuwa nawafukuza, ujinga mtupu, maana wanayajua mawe kuliko mimi. Sasa wananionyesha samaki kabla hawajamtia kwenye ndoo, nami naandika rangi. Juzi mmoja akaniita, "Anko, huyu shavu limevimba!" Kumshika tu, jike akatema vifaranga mkononi mwa mtoto, vidogo kama punje za mtama, vina macho tayari. Hakujua kama furu hulelea mdomoni. Alitumbukiza mkono majini polepole, vikaondoka vyote. Jike naye akamwachia. Tangu hapo anakagua mashavu kwanza, na anawasumbua wenzake nao wakague.

Leo tulipiga kasia hadi majabali ya nje, na huyo mtoto ndiye aliyeshika kamba. Fundo la 20 likapita mkononi, mita mbili kamili, kamba ikaisha. Kisahani bado tunakiona, cheupe peee.

Kesho naenda dukani kununua kamba nyingine.