Pesheni zangu ziligoma kuzaa mpaka nikapanda mitunguja

Sasa hivi kila anayepita hapa kwangu Mikindani anaomba pesheni, na hao hao ndio walionicheka nilivyokuwa napanda mitunguja kwenye uzio. Ndio, mitunguja hii hii ya miiba ambayo ukiikuta shambani unaing'oa.

Pesheni zangu ni zile za njano. Zilitambaa mpaka juu ya banda la kuku, maua kibao, na yote yanadondoka. Jamaa wa duka la pembejeo akaniuzia busta, elfu kumi na tano hivi sijui na ngapi, majani yakanenepa utadhani mchicha, tunda hakuna. Mwingine akasema ni huu mchanga wetu, weka samadi. Nikaweka, wapi! Shemeji akasema panda maua yavute wadudu, na hapo alikuwa sahihi kabisa, ila mimi kwa ujanja wangu nikaenda kununua bogenvilia miche minne eti kwa sababu inapendeza! Ikachanua mpaka watu wanapigia picha, nyuki hata wa kusingizia hakuna. Kumbe ile rangi yote ni majani tu, ua lenyewe ni kale kadogo keupe ka katikati. Nimekuja kujua hela ishaenda.

Siku moja mchana nimekaa chini ya mkorosho, saa saba hivi, muda ambao pesheni ya njano inafunguka (usiku inafunga, haifunguki tena). Nyuki wadogo wanapita chini chini wanachukua poda ya ua, yaani chavua, wanaondoka, hawagusi vile vijiti vitatu vya juu ambavyo ndio vinapokea poda ili tunda lishike. Mara akaja bunzi, lile dude jeusi linalotoboa mbao, akajitosa na mgongo wake ukasugua kila kitu. Akatoka hapo moja kwa moja kwenye mtunguja wa nje ya uzio, akalikumbatia ua la zambarau akalitetemesha vvvvv mpaka poda ikamwagika. Nilibaki mdomo wazi, maana bunzi huyo miaka yote mimi namuua kwa kandambili.

Basi nikapanda mitunguja sita upande wa nyuma, mbali na watoto maana tunda lake si la kuchezea, na kivumbasi nilichochuma njiani nikachomeka tu. Mvua ikikata mwezi wa tano vyenyewe vinaendelea kuchanua, simwagilii, ni vya kwetu hivi. Bunzi anakuwa na chakula hata pesheni isipochanua.

Halafu miche yangu yote ilitoka shina moja! Pesheni ya njano haijipi mimba yenyewe, inataka poda ya shina lingine, kwa hiyo nikaomba mche kwa mzee wa jirani. Wakati nausubiri uchanue nilikuwa nachuma maua yake yeye, nakuja kuyasugua kwenye yangu kwa pamba ya masikioni, mke wangu ananiita mkunga. Na kama lazima upulize dawa ya wadudu, ngoja usiku maua yashafunga.

Bunzi nikawafungia tawi kavu la mwembe bandani watoboe humo waache boriti za jiko. Wametoboa vyote viwili. Kila asubuhi mke wangu anapuliza unga wa mbao kwenye mfuniko wa sufuria ya uji huku ananiangalia, na mimi namenya pesheni kimya kimya.