UTI isiyoisha na mkojo wa saa sita mchana

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mgonjwa wa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Haja ndogo kila baada ya muda mfupi, mkojo unaochoma zaidi pale mwishoni, maumivu chini ya kitovu, na mara mojamoja doa jekundu kwenye nguo ya ndani ambalo halikuendana na tarehe zangu. Nikienda kupima naandikiwa UTI, napewa antibayotiki: Cipro. Ikirudi, Amoxiclav. Ikirudi tena, sindano asubuhi na jioni. Hali inatulia kidogo, kisha mambo ni yaleyale. Dada wa duka la dawa hapa mtaani kwetu Nyakato, Mwanza, alifika mahali akiniona tu nakuja ananiuliza, "Dada, ni ileile?"

Naandika kwa ajili ya mwenye hali kama hiyo, hasa mwanamke aliyekulia Usukumani na ambaye bado kila msimu anakwenda nyumbani kusaidia kupanda mpunga. Mimi nimepona. Kumbe kilikuwa kichocho, na jibu lilipatikana kwenye mkojo, ambao nilikuwa napimwa siku zote. Tofauti ni kwamba safari hii mkojo ulichukuliwa saa nyingine, na mpimaji alikuwa anatafuta kitu kingine.

Nianze na karatasi za majibu. Situpi karatasi ya hospitali, nazitunza kwenye bahasha. Jioni moja nilizitoa zote, nikazipanga kwa tarehe na kuzisoma mstari kwa mstari, badala ya kuishia pale chini palipoandikwa UTI. Jirani yetu ambaye ni nesi alikaa nami akanieleza kila mstari una maana gani.

Kile kijiti wanachochovya kwenye mkojo kina vikaratasi vidogo vya rangi, mara nyingi kumi, na kila kimoja kina dawa yake inayobadilika rangi ikikutana na kitu fulani. Mpimaji anakichovya, anafuta mkojo uliozidi kwenye ukingo wa kikopo, kisha anakilinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kopo la vijiti. Na kuna muda wa kusubiri: cha sukari kinasomwa baada ya nusu dakika hivi, cha chembe nyeupe kinataka kama dakika mbili. Sukari huanza kutoka kwenye mkojo pale sukari ya damu inapopanda kupita kama 10 kwa kipimo cha milimoli. Wazee walilijua hilo bila kijiti, kwa kuona sisimizi wamekusanyika pale mtu alipokojoa. Lakini mkojo usio na sukari haumaanishi huna kisukari. Kisukari hupimwa kwenye damu. Protini huwafanya wauguzi wa kliniki ya wajawazito wakimbilie mashine ya presha, maana presha kubwa na protini baada ya wiki ya 20 ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Kwa mwenye kisukari au presha ya siku nyingi, protini inayojirudia ni figo zinaomba msaada. Ketoni huonekana kwa mtu aliyekaa na njaa, aliyefunga, au mjamzito anayetapika kupita kiasi. Bilirubini inahusu ini na nyongo.

Mstari ulionishika ni wa nitriti. Bakteria wengi wanaosababisha UTI, hasa E. coli, hugeuza naitreti iliyomo kwenye mkojo kuwa nitriti, lakini wanahitaji saa kama nne mkojo ukiwa umekaa kwenye kibofu. Ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi unafaa kwa jambo hilo. Nitriti ikiwa hasi haifuti UTI, kwa sababu wapo bakteria wasioitengeneza. Ila kwangu ilikuwa hasi kwenye kila karatasi, mwaka hadi mwaka, hata zile za asubuhi. Na kwenye kila karatasi mstari wa damu ulikuwa chanya. Chembe za usaha zilikuwepo, chache, na hizo ndizo zilizokuwa zinaniandikia dawa kila mara. Ile damu hakuna aliyeniuliza habari zake, zaidi ya kuambiwa labda ni hedhi.

Niseme pia jambo ambalo wengi hawalisemi hadharani. Kuna mahali niliambiwa nije na mume wangu, naye akapewa dozi. Tukameza wote, tukakaa kwa masharti yote, na ikarudi. Swali linalofuata ndani ya nyumba kila mtu analijua, hata lisipotamkwa. Mume wangu hakuwahi kunituhumu, lakini alianza kunyamaza, na mimi nikaanza kumhesabia saa za kurudi. Ugonjwa usio na jina sahihi unaumiza ndoa, na wanawake wengi wamebebeshwa majina mabaya kwa sababu ya majibu yaliyotolewa haraka.

Nilipokwenda hospitali kubwa zaidi na bahasha yangu, niliomba jambo moja: mkojo wangu uoteshwe, yaani maabara waone kama kuna bakteria watakaokua. Nilikuwa nimeshakaa muda bila antibayotiki yoyote, kwa sababu dawa ikiwa bado mwilini bakteria wanaweza wasiote hata kama wapo. Maelekezo ya kuchukua sampuli nilipewa vizuri kuliko mahali pengine popote nilipowahi kupima. Nawa mikono. Jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole, mkojo wa kwanza uache uende chooni, wa katikati ukinge kwenye kikopo kisicho na vijidudu, usiguse ndani ya kikopo wala kifuniko. Peleka maabara haraka, ndani ya saa moja au mbili, na ikishindikana ukae kwenye friji. Kikopo kikikaa dirishani kwenye joto la Mwanza, bakteria wachache wa ngozi huzaana, na unarudi nyumbani na ugonjwa ulioota ndani ya kikopo. Karatasi ikionyesha chembe nyingi za ngozi, ujue mkojo huo umechanganyika na vya nje, na inafaa urudiwe.

Kuotesha huchukua siku mbili au tatu. Wanapaka mkojo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, inakaa kwenye joto la nyuzi 37 usiku kucha, kisha wanahesabu. Kiwango kinachotajwa zaidi ni bakteria 100,000 kwa mililita moja. Wakiota, wanajaribiwa kwa dawa mbalimbali ili ijulikane ipi inawaua na ipi wameshaizoea. Huo ndio msaada mkubwa kwa mwenye UTI ya kweli inayojirudia, maana anaacha kubahatisha dawa.

Kwangu hakikuota kitu.

Daktari, mama mmoja mtulivu sana, aliweka jibu hilo juu ya karatasi zangu zote na kuzitazama kwa muda. Akasema kuwa chembe za usaha na damu bila bakteria zina orodha yake: mawe, kifua kikuu cha njia ya mkojo, baadhi ya magonjwa ya zinaa ambayo hayaoti kwenye sahani ya kawaida, na kichocho. Halafu akaniuliza, "Kwenu ni wapi, mama?" Nikamwambia Kwimba. "Mnalima mpunga?" Tunalima, na kila msimu nakwenda kumsaidia mama kupanda. "Mnapanda na buti?" Nani anapanda mpunga na buti! Tunaingia majarubani miguu mitupu, maji yakifika magotini, kuanzia asubuhi hadi jua la utosini.

Akaandika kipimo cha mayai ya kichocho, na akanieleza kwamba mkojo wa kipimo hicho ni tofauti na ule wa kuotesha. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mimi mara nyingi nilikuwa napeleka mkojo wa alfajiri ili niwahi foleni! Tena wale wa kuotesha wanataka mkojo wa katikati, lakini anayetafuta mayai anataka na matone ya mwisho kabisa, kwa sababu huko ndiko mayai na damu vinakokuwa vingi. Akaniambia nitembeetembee kidogo kwanza, nipande na kushuka ngazi, ndipo nijaze kikopo.

Nilipeleka sampuli saa sita mchana. Kijana wa maabara alichukua mililita 10 kwa bomba la sindano, akazisukuma taratibu kupitia kichujio kidogo cha duara, mkojo ukatoka chini, na chochote kikubwa kikabaki juu. Akakiweka kichujio kwenye kioo, akainama kwenye darubini. Hakukaa sana. Akanisogezea kiti na kuniambia, "Angalia katikati." Niliona umbo refu la rangi ya njano hafifu, limevimba katikati kama mbegu ya tikiti, na kwenye ncha moja lina mwiba mfupi uliochongoka. Pembeni lilikuwepo jingine, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachochezacheza. Urefu wake haufiki hata robo ya milimita. Yeye aliendelea kuhesabu: yakifika 50 kwenye hizo mililita 10, huandikwa maambukizi mazito. Mimi sikufika huko, lakini yalinitosha. Nililia palepale, na sikulia kwa huzuni.

Daktari alinieleza sasa kwa nini dawa zote zile hazikunisaidia. Minyoo ya kichocho hutoka kwa konokono wa majini ikiwa viluwiluwi, huingia mwilini kupitia ngozi ukiwa ndani ya maji, kisha hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume na jike, kwa miaka. Jike hutaga, mayai hupenya ukuta wa kibofu kwa ule mwiba, na huko ndiko damu na kuchoma vinakotoka. Antibayotiki haiwagusi. Yapo mayai yanayonasa kwenye shingo ya kizazi, na huleta damu, uchafu na maumivu yanayofanana sana na magonjwa ya zinaa, na yakiachwa yanaweza kumnyima mwanamke mtoto. Kibofu kikiumizwa miaka mingi kinaweza kufikia saratani. Alinichunguza na kizazi, nikapigwa ultrasaundi ya kibofu na figo. Ukuta wa kibofu ulikuwa umenenepa kidogo, figo zilikuwa salama.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, unameza mara moja. Mimi nina kilo 60, kwa hiyo vidonge vinne vikubwa vya miligramu 600, vichungu. Meza ukiwa umekula. Nilipata kizunguzungu na tumbo kusokota jioni ile, asubuhi nikaamka vizuri. Baada ya wiki kadhaa nilirudia dozi kwa maelekezo yake, kwa sababu dawa huua minyoo iliyokomaa na kuwaacha walio wachanga. Kipimo cha mwisho, cha saa sita mchana vilevile, hakikuwa na yai hata moja, na kwa mara ya kwanza mstari wa damu ukaandikwa hasi. Siku hiyo nilimwekea mume wangu karatasi mkononi, nikamweleza yote kuanzia konokono. Alisoma, akaniambia, "Pole sana, mke wangu. Tumeteseka bure."

Nilipokwenda nyumbani nilimwambia mama, "Mayu, twende ukapime." Akakataa: hiyo ni ya watoto wa shule, wao ndio hupimwa urefu kwa fimbo na kupewa vidonge. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi dawa za kugawa zimelengwa shuleni, na aliyemaliza la saba akabaki hivihivi, ingawa Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linashauri kwenye maeneo yenye kichocho kingi dawa iwafikie watu wote kuanzia umri wa miaka 2. Mama alikubali baada ya kumweleza kuwa mwanawe alikuwa anatibiwa kitu kingine miaka yote hiyo. Alikutwa na kichocho. Watoto wa dada yangu pia, na mkubwa wao alikuwa anakojoa damu na kudhani ndiyo dalili ya kukua, kwa kuwa wenzake wote anaochunga nao ng'ombe wanaona hivyohivyo wakioga lamboni.

Kwa wenzangu wa kanda hii, mjue kwamba ziwani kwenyewe kinachotawala ni kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutafutwa kwenye choo kubwa. Kwenye majaruba, madimbwi na malambo ya kwetu, Kwimba na Misungwi, kipo hiki cha mkojo. Kwa hiyo mweleze daktari unaingia maji gani, hata asipouliza. Kama ni mkojo, uliza wanataka wa saa ngapi na sehemu gani: wa asubuhi, wa katikati, au wa mchana hadi tone la mwisho. Na omba karatasi yako uondoke nayo.

Mpunga hatujaacha, ndio unaolisha familia. Mama na dada sasa wana buti, japo kwenye tope zito huvuliwa. Maji ya kuoga ya lambo yanakaa kwenye pipa siku mbili kwanza, ili viluwiluwi vya kichocho vife. Msimu huu ukiisha tutakwenda wote kupima, na mwenye kikopo hataitwa kabla ya saa nne.