Timu ya chuo ikihamia opsheni: kazi iko pale mikono inapokutana

Wanaokesha na futiboli ya Kimarekani hapa Mombasa wanaijua ratiba. Septemba, mechi ya adhuhuri ya pwani ya mashariki ya Marekani huanza kwetu saa moja jioni, na ile ya Army na Navy, timu za vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini, Desemba, huanza kama saa tano usiku. Hiyo ya Desemba ndiyo humchanganya mtazamaji mgeni. Mpira haurushwi mbele ila mara moja moja. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anainama nyuma ya senta, yule anayeanzisha mchezo kwa kumpa mpira, lundo la watu linaangukiana, na mara nyingi hata kamera hukimbiza mtu asiye na mpira.

Hiyo ndiyo opsheni: mchezo wa kukimbia ambao kwotabeki anamtazama mlinzi, kisha anaamua nani abaki na mpira. Je, timu ya chuo iliyozoea kurusha mpira mara 35 kwa mechi inaweza kugeuka ikaicheza? Inaweza, ila iwe tayari kutupa zaidi ya nusu ya daftari lake la michezo. Opsheni ya kuonjaonja, michezo miwili mitatu iliyochomekwa katikati ya pasi, huishia kudondosha mipira.

Mchezaji wa raga ya saba kila upande anaijua mbili kwa moja. Unamkimbilia beki, unamlazimisha achague. Akikuvaa unatoa pasi, akimfuata mwenzio unapita mwenyewe. Opsheni yenye chaguo tatu ni mbili kwa moja mara mbili mfululizo, na ile ya kwanza inafanyika ndani ya msongamano. Hesabu yake ni hii: katika mchezo wa kawaida wa kukimbia, kwotabeki akishatoa mpira anabaki mtazamaji. Mtoe yeye na mtoe mwenye mpira, wanabaki 9 wa kuziba, yaani kuwazuia walinzi kwa mwili, dhidi ya walinzi 11. Opsheni inawaacha walinzi wawili makusudi bila kuzibwa. Hao wanasomwa kwa macho, na wazibaji waliookolewa wanatumwa kwa wengine.

Mpangilio unaotumika sana ni fleksiboni. Mbele wako watano: senta, magadi wawili ubavuni mwake, mateko wawili nje yao, na kati ya mguu wa mmoja na wa mwenzake iwe kama futi 3. Kwotabeki yuko mikononi mwa senta, yaani amesimama nyuma yake karibu kabisa na kupokea mpira mkononi. Nyuma yake moja kwa moja, yadi 4 hadi 5, yuko fulubeki; tumwite mbizi, maana kazi yake ni kujitosa. Mawinga wawili wanasimama yadi 1 nje ya teko na yadi 1 nyuma, na wapokeaji wawili wako mbali kabisa pembeni. Vipimo hivi visichukuliwe kama mapambo. Mbizi akisogea mbele kupita kiasi anamfikia kwotabeki kabla hajamsoma mtu. Akikaa nyuma mno, mlinzi anafika kwanza. Nafasi kati ya watu wa mbele ikizidi, mlinzi anapenya na kuwakuta kwotabeki na mbizi wakiwa bado wameshikilia mpira mmoja.

Chukua mchezo unaokwenda kulia. Winga wa kushoto anaanza kukimbia kuelekea nyuma ya mbizi kidogo kabla senta hajatoa mpira. Kanuni inamruhusu mmoja tu kuwa kwenye mwendo, na asiwe anaelekea mbele. Kwotabeki anapiga hatua ya mguu wa kulia, ya kwenda pembeni na nyuma kidogo, ananyoosha mikono na kuuweka mpira tumboni mwa mbizi, ambaye analenga nyonga ya nje ya gadi wa kulia. Mbizi anainua kiwiko kilicho upande wa kwotabeki, ule mkono mwingine unakaa chini, pafanyike kama mfuko. Mpira unasafiri naye kutoka nyonga ya nyuma hadi nyonga ya mbele. Muda huo wote macho ya kwotabeki yako kwa mlinzi wa kwanza asiyezibwa. Agizo lake ni fupi: mpe, isipokuwa mlinzi huyo anaweza kumkamata mbizi. Akiweza, mpira unavutwa na mbio zinaelekezwa kwa mlinzi wa pili. Hapo agizo linakuwa: shika, isipokuwa amekuja kwako, akija, mrushie winga.

Ukitaka kuona ugumu ulipo, nenda ufuo wa Pirates maji yakipwa, pale mchanga unapokuwa mgumu na vijana wanachora viwanja vya kandanda. Chora kwa kisigino alama tano za watu wa mbele. Weka kwotabeki, mbizi, winga, na mmoja wa kusomwa. Kocha asimame nyuma ya kwotabeki, amwonyeshe mlinzi kwa kidole: ingia au baki. Rudieni mara 20, kisha simameni mtazame chini. Nyayo zitasema zenyewe. Nyayo za mbizi zinatakiwa ziwe mstari mmoja ulionyooka. Zikipinda kwenda nje, ujue alikuwa anamkwepa kwotabeki, na mpira uliingia mbavuni badala ya tumboni. Alama ya hatua ya kwanza ya kwotabeki ikikaa mahali tofauti kila mara, hakuna haja ya kuendelea na mlinzi wa pili siku hiyo.

Mpira unaodondoka pale mikono inapokutana huwa na sababu mbili, ama kwotabeki ameangalia chini ahakikishe, ama mbizi ameung'ang'ania. Mbizi haamui lolote. Anaubana taratibu, na mpaka mkono wa kwotabeki uondoke wenyewe, mpira bado si wake. Ukimkuta mbizi aliyezoea kupewa mpira bila maswali, ndiye atakayekusumbua kuliko mgeni kabisa. Mpira wa jasho nao ni somo. Fanyeni mazoezi na mpira uliochovywa kwenye ndoo, kwani mvua ya Novemba haimsubiri mtu.

Kwenye kurusha, winga awe yadi 4 hadi 5 mbali na kwotabeki, nyuma yake kidogo, na aishike nafasi hiyo hata kwotabeki akipunguza mwendo. Akisogea karibu, mlinzi mmoja anawala wote wawili. Mpira unatoka kidole gumba kikielekea chini, unakwenda polepole kifuani. Mrusho wa kubahatisha huku umeshakamatwa ni kumkabidhi mpinzani mpira. Afadhali kuanguka nao.

Watu wa mbele ndio wanaobadilika zaidi. Kwenye timu ya pasi wamefundishwa kurudi nyuma na kupokea kishindo. Hapa wanatoka chini chini kwenda mbele, kwa hiyo wepesi una thamani kuliko kilo. Teko wa upande wa mchezo hamgusi mlinzi aliye usoni pake. Anampita kwa ndani, anakwenda kumtafuta mlinzi wa safu ya pili. Kila teko mpya atamgusa kidogo "kusaidia", na mguso huo unamharibu, kwa sababu mlinzi aliyesukumwa hasomeki tena, na yule wa safu ya pili amebaki huru.

Kwotabeki naye usimtafute kwa nguvu za mkono. Malcolm Perry wa Navy aliwahi kuchezeshwa winga, kisha mwaka 2019 akiwa kwotabeki akakimbia yadi 2,017 na timu ikamaliza 11-2, yaani ilishinda 11 na kufungwa mbili. Mtu aliyekwisha kuwa upande wa kupokea anajua mpira unatakiwa ufike wapi.

Muda ni mchache. Kanuni za vyuo zinatoa mazoezi 15 ya majira ya kuchipua, na msimu ukianza ni saa 20 kwa wiki. Mimi ningezitumia siku tano za mwanzo kwenye mbizi tu, bila mchezo mwingine. Paul Johnson alipofika Navy, msimu wake wa kwanza wa 2002 uliisha 2-10, na uliofuata 8-5. Kocha huyohuyo, alipoupeleka mfumo huo Georgia Tech mwaka 2008, alipata 9-4 papo hapo, ila alikuta Jonathan Dwyer wa kujitosa na Demaryius Thomas pembeni. Kubadilika kwenda upande wa pili nako kuna bei: Georgia Tech ilipoiacha opsheni, msimu wa 2019 uliisha 3-9.

Wapinzani watajibu, na jibu la kwanza karibu kila mahali ni kubadilishana kazi. Mlinzi wa kwanza anamvaa mbizi kwa pupa, kwotabeki anauvuta mpira akifurahi, kumbe mlinzi wa safu ya pili amezunguka nje anamngoja. Kwotabeki amesoma sawasawa na bado amepigwa chini. Hapo usimgombeze. Badilisha wazibaji: teko ampe bega yule wa kwanza, winga aende ndani kumchukua wa safu ya pili. Au peleka mbizi katikati kabisa, umsome mlinzi aliye karibu na gadi.

Kanuni pia zimebana. Tangu 2022, kumziba mtu chini ya kiuno nje ya boksi la mateko, lile eneo dogo linalomzunguka senta, kumekatazwa, na silaha hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasaidia mawinga wadogo kuwaangusha walinzi wakubwa. Army walijaribu kuhamia mpangilio wa kwotabeki kusimama mbali na senta mwaka 2023, wakapata 6-6. Mwaka 2024 wakarudi mikononi mwa senta, kwotabeki wao Bryson Daily akafunga tachidauni 32 (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) kwa kukimbia nao, wakamaliza 12-2. Mawinga wa sasa wafundishwe kuziba kwa kifua na mikono, wakae mbele ya mtu na kumchelewesha tu, kwa sababu mbio za nje zinahitaji sekunde moja.

Vyuo vina faida nyingine ambayo NFL, ligi ya kulipwa, haina. Alama za katikati ya uwanja wa chuo ziko futi 40 kutoka moja hadi nyingine, hivyo mpira ukiwekwa kwenye alama, upande mmoja unabaki na yadi 20 na mwingine 33 na ushee. Kwotabeki afundishwe kuhesabu walinzi wa upande mpana kabla ya kuita mchezo.

Pasi zibaki tatu tu, zote zikianza kwa sura ileile ya mbizi. Mwaka 2013 Georgia Southern waliifunga Florida 26-20 bila pasi hata moja kukamilika, lakini usiichukue hiyo kama ruhusa. Ukiwa nyuma kwa pointi 14 robo ya mwisho, saa ni adui yako. Mwangalie mlinzi wa nyuma kabisa: akianza kukimbilia mbele mara tu mbizi anapojitosa, winga aliyekuwa akimziba mchana kutwa amwendee vilevile, mabega chini, kisha ampite na kupokea pasi.