Hapo pa kijani

Wiki hii mahari ya mdogo wangu imepokelewa kule Magu, mkataba wangu umeongezwa miezi mitatu, na baba ametoka wodini salama, asanteni sana mliokuwa mnamuulizia. Lakini kilichonikalisha hapa usiku huu ni jibu nililompa mama mmoja siku ya Jumanne.

Ni kwenye ile kazi yangu ya kuandika mihtasari ya mikutano ya wananchi, mpango wa kuupanga upya ufukwe wa viwandani huku Mwanza, upande wa Igogo. Jumanne ulikuwa mkutano wa pili. Turubai, viti vya plastiki, ramani kubwa imebandikwa ukutani: zambarau viwanda, nyekundu biashara, kijani maeneo ya wazi. Karibu na mwisho akasimama mama anayekaanga mapanki, yaani mifupa na vichwa vya samaki vinavyobaki viwandani, kitenge amekifunga kifuani, magamba ya sangara yamemkaukia mikononi hadi kwenye viwiko. Mtaalamu alikuwa ametoka kupokea simu, kwa hiyo nikajibu mimi.

"Mwanangu, hapo pa kijani ni nini?"

"Eneo la wazi, mama."

"Wazi?"

"Ndiyo mama. Yaani hapana kitu, patakuwa bustani ya watu kupumzika."

Akaitazama ramani kwa muda. "Sasa mimi huwa nakaangia wapi?"

Nikamwambia atafafanuliwa. Akasema, "Haya, asante mwanangu," akaketi.

Hiyo asante ndiyo inayoniuma. Angenifokea ningelala. Na jioni yake nimeandika kwenye muhtasari, kwa mkono wangu huu: "Mwananchi mmoja aliuliza kuhusu rangi za ramani. Alifafanuliwa." Hakufafanuliwa. Mtaalamu aliporudi tulikuwa tumeshafika kwenye mengineyo.

Tangu hapo najibu upya. Kwenye daladala najibu, nikiosha vyombo najibu. Mara namwambia, "Njoo unioneshe, mama." Mara nanyamaza tu nampa kalamu. Kila mara narudi palepale, kwenye "hapana kitu", na mimi najua kuna kitu. Ada yangu ya kidato cha tatu ilitoka kwenye mapanki ya shangazi. Tangu viwanda vya minofu vishamiri huku miaka ya 1990, minofu inakwenda Ulaya, mifupa na vichwa vinabaki kwetu, na kuna akina mama waliosomesha watoto kwa hiyo mifupa. Nimesimama mbele ya mmoja wao nikamwambia anapokaangia hapana kitu.

Nimerudi kwenye dodoso kuona tulipoteleza. Dodoso linahesabu majengo. Kichanja si jengo. Jiko la mafiga matatu na karai si jengo. Tena tulipita asubuhi, wakati mapanki hutoka viwandani alasiri, kwa hiyo waliopita waliona mchanga na moshi uliokwisha. Na mkutano tuliuitisha saa nne, saa ambayo akina mama hao wako sokoni wanauza walichokaanga jana. Yule mmoja aliacha beseni lake kwa jirani ili aje kuuliza swali moja. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wadau waitwe na wasikilizwe. Kuita tuliita.

Nisieleweke vibaya kuhusu zile mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haitaki shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 2020 tuliliona ziwa lilivyopanda hadi likaingia kwenye nyumba za watu. Lakini kumwambia mtu "hapa hutaweza kubaki, tukae tuone utahamia wapi" ni jambo moja. Kumwambia hayupo ni jambo lingine kabisa, kwa sababu asiyekuwepo hatafutiwi pa kwenda.

Jumamosi alasiri nikachukua ramani ndogo, nikaifunga kwenye nailoni, nikashuka mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa. Sikutumwa na mtu. Nikamkuta anageuza mapanki kwenye karai. "Mwangaluka mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, ingawa hiyo ni ya asubuhi na saa ilikuwa imeshakwenda. Alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kitenge. Akaniachia kigoda, akamkabidhi binti yake kijiko, akaanza kutembea na mimi nyuma: kutoka bomba la maji machafu hadi kwenye mwembe, akihesabu kwa sauti. Vichanja kumi na vinne. Majiko tisa. Mahali pa kuanika, mahali pa kuni, kivuli cha mwembe ambapo wenye watoto wachanga huwalaza. Kila alipokanyaga nikatia alama. Tulipomaliza ile kijani ilikuwa imejaa wino wangu, akainama akaitazama, akaweka kidole chenye mafuta juu ya jiko la tatu kutoka mwembeni. "Huyu mimi."

Doa la mafuta bado lipo. Jumatatu naomba muhtasari ufunguliwe, swali lake liandikwe kama alivyouliza, neno kwa neno, na mkutano wa tatu uwe saa kumi na moja jioni, palepale mwaloni. Ramani hii nitaiambatisha na doa lake. Nimerudi nyumbani na mapanki mawili ya moto kwenye gazeti, nimekula nimesimama, sijawahi kufurahi hivi tangu nianze kazi hii.

Ila nyumbani kinachonitia hofu ni lile jiwe kubwa la nyuma ya jiko letu. Mvua ya jana imechimba tena udongo chini yake. Wiki iliyopita ufa ulikuwa unaingiza kidole. Leo nimeingiza mpini wa mwiko, na watoto wanalala chumba cha upande ule.